Mwewe wa Mnara na Sahani ya Mzee

Mimi na mwewe tulifahamiana kwa damu. Nilikuwa nimesimama nje ya duka langu Kariakoo, duka la jumla la mabeseni na ndoo, mkononi nina mshikaki ambao hata sijauonja. Nikageuka kumjibu mteja. Kitu kikanipiga kutoka juu, bawa la kahawia likapita karibu na jicho, kiganja kikawaka moto, na mshikaki haupo. Wachukuzi wakaangua kicheko. Muuza mishikaki alicheka mpaka akashika magoti, na mimi nadondosha damu kwenye mabeseni mapya. Sikuona cha kuchekesha. Mimi Mchaga wa Rombo, sijazoea kunyang'anywa kitu mkononi mchana kweupe. Nilimtazama akipanda juu na mkia wake wenye panda, anakula nyama yangu huku anaruka, nikaapa kwamba nitapajua anapolala.

Ndivyo nilivyoanza kupiga picha ndege. Watu wakiniuliza huwa nawaambia napenda viumbe, na wao huitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kiota nikakiangushe.

Mdogo wangu, aliyekuwa mpiga picha za harusi, alipohamia Moshi aliniachia kamera yake ya zamani na lenzi ndefu. Nikapanda nayo juu ya paa la jengo ninaloishi, ghorofa la zamani mtaa wa pili kutoka sokoni. Sikuhangaika sana. Kiota kilikuwa kwenye mnara wa simu uliosimikwa juu ya ghorofa la jirani, ng'ambo ya kichochoro, usawa wa macho yangu. Vijiti, nyaya za umeme, vipande vya salfeti, soksi moja ya mtumba, na juu ya yote kamba ya plastiki ya bluu, ile ile tunayofungia mabeseni dukani. Kumbe alikuwa ameniibia siku nyingi.

Nilimpiga picha ya kwanza kwa hasira, kama mtu anayechukua ushahidi wa kupeleka polisi. Nikaipiga ya pili. Kufika mwisho wa juma nilikuwa napanda kila alfajiri kabla ya kufungua duka, jua linapochomoza upande wa bandari na honi za meli zinaunguruma. Kiganja kilipona, na kiapo changu sikukikumbuka tena.

Nilichokuwa nakipiga picha kilikuwa vita. Sijui niite nini kingine. Kunguru walikuwa wanakuja makundi kwa makundi, mmoja anamvuta mwewe mkia, wa pili anamdonoa mgongoni, wa tatu anavizia kiota. Mwewe jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, alikuwa anawaacha wajione mabingwa, halafu anajipindua hewani, tumbo juu, kucha mbele, na manyoya meusi yanabaki yanaelea peke yake. Siku moja dume alirudi na kinda la kunguru bado linalia. Jike akalipokea, akalichana mbele ya lenzi yangu kuanzia tumboni, na kinda likaendelea kulia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Sikuacha kubonyeza.

Siku hiyo hiyo, upande wa mtaani, walikuwa wanampiga kibaka. Nilisikia ile sauti ambayo kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua, "mwizi, mwizi," kisha miguu, kisha fimbo na matofali. Nilichungulia. Mmoja wa waliokuwa wakimpiga alikuwa ameweka soda yake chini kwa uangalifu isimwagike, akampiga yule kijana teke la uso, akarudi kuichukua. Niligeuza lenzi nikairudisha kwenye kiota. Afadhali kule, kule aliyekuwa anachana alikuwa na njaa. Nikakaa paani mpaka kelele za chini zikaisha.

Paa hilo halikuwa langu peke yangu. Juu kabisa, chumba kilichopakana na ngazi za paani, alikuwa anaishi mzee wa Kihindi, Mhindu, aliyezaliwa humo humo ndani ya jengo na kuuza vitambaa mtaa wa chini mpaka alipochoka. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na kisu cha daktari anakiogopa, kwa hiyo dunia alikuwa anaiona kama kupitia glasi ya maziwa. Sukari nayo inamsumbua. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama yule, kila asubuhi ya maisha yake, alikuwa anapanda paani na mtama kwa ajili ya njiwa na vipande vya chapati kwa ajili ya kunguru. Alipoondoka, mzee akaendelea kupanda badala yake, anapapasa ukuta.

Basi tukawa wawili paani, kila mtu na timu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Jambazi lako limeamkaje?"

"Limeamka salama. Limekula kunguru wako mmoja."

"Mungu atamlipa."

Tulikuwa tunataniana hivyo, lakini siku nyingine utani uliniishia. Asubuhi moja kunguru walimshusha dume wangu mpaka kwenye nyaya za kichochoroni, wakamtoboa bawa, na nikapandwa na hasira za kweli. Nikamgeukia mzee, sahani ya chapati bado iko mkononi mwake. Nikamwambia yeye ndiye anayewaita. Nikamwambia kunguru hao si wa hapa, waliletwa na meli kutoka Uhindini, wamemaliza ndege wetu mji mzima, warudi kwao.

Alikung'uta makombo ya chapati kwenye ukingo wa paa, taratibu, akahakikisha kwa vidole kwamba hakuna lililobaki kwenye sahani.

"Wamezaliwa hapa, mama," akasema. "Kama mimi."

Nilishuka ngazi nikiwa nimevimba kwa hasira na aibu. Kesho yake nilimpelekea ndizi za kuiva kutoka nyumbani. Akazipokea, akaniuliza jambazi limeamkaje, yakaisha.

Kinda la mwewe lilitoka kwenye yai wakati huo huo. Yalikuwa mayai mawili. Moja kunguru walilitoa na kuliangusha kichochoroni, nililiona limepasuka juu ya pikipiki ya mtu. Lililobaki nililipiga picha tangu lilipokuwa pamba yenye mdomo hadi lilipovaa manyoya ya kahawia na kuanza kusimama ukingoni mwa kiota, linapiga mabawa bila kuondoka. Nilitaka picha moja tu. Nilitaka kulinasa siku litakapoachia miguu. Niliota picha hiyo. Nilikuwa nawaambia wateja wangu wa Tandahimba na Ifakara kuhusu kinda la mwewe, nao wananitazama kama nimechanganyikiwa, wanataka bei ya ndoo.

Mzee naye alikuwa na siku yake anayoisubiri. Alinieleza akiwa ameketi kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, na aliieleza kwa kirefu kwa sababu aliona sielewi. Kila mwaka, alisema, kuna majuma ya kuwakumbuka marehemu wao, na kila marehemu ana siku yake. Unapika chakula alichokipenda. Unakipandisha juu, unawaita kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula. Ndipo na ninyi mliobaki mnaweza kula. Mwaka huu ulikuwa wa kwanza kwa mke wake.

"Na kunguru asipokula?"

"Basi atakaa na njaa mpaka mwakani."

"Si uende jalalani sokoni, mzee? Kule wamejaa."

"Wale hawamjui. Hawa wa hapa ndio aliokuwa anawalisha kwa mkono wake."

Sikucheka. Bibi yangu Rombo alikuwa anamwaga mbege kidogo chini kabla ya kunywa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza maswali.

Shida ilikuwa kwamba kunguru hawakuja tena paani kwetu. Kadiri kinda lilivyokaribia kuruka ndivyo jike alivyozidi kuwa kichaa. Kunguru akitua tu kwenye ukingo wetu, anashushiwa kucha. Hata watu aliwapiga. Msimamizi wa jengo, mwanamume mwenye kitambi na maneno mengi, alipanda kuangalia tangi la maji akarudi na mchaniko kutoka paji la uso mpaka kisogoni, shati lote jekundu. Alipotoka kushonwa alikuja moja kwa moja kwa mzee, mimi nikiwepo, na bomba la chuma mkononi.

"Baba, nasikia unahitaji kunguru," akasema. "Mimi nakiangusha hicho kiota leo hii. Mlinzi wa upande wa pili mshikaji wangu. Dakika tu, kwisha habari."

Nilisimama katikati ya mlango. Nilikuwa tayari kupigana, nasema kweli, nilikuwa tayari kumng'ata. Lakini mzee ndiye aliyenyanyua mkono.

"Hapana. Mke wangu hakuua hata mende. Alikuwa anawafagia taratibu mpaka nje. Sitamlisha chakula kilichomwagiwa damu ya mtoto wa mtu."

"Ndege huyo, baba!"

"Nimesema hapana."

Msimamizi akalitupa bomba paani, akaondoka anatukana. Mimi nilimshika mzee mikono yote miwili. Tangu siku hiyo nilimpenda, wala sioni haya kusema.

Siku yake ilipofika alipanda mapema, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, na sahani ya chuma inayong'aa. Wali uliopikwa kwa maziwa na sukari na iliki, mpaka ukawa mzito, na puri, vile vichapati vya kukaanga, juu yake. Ndicho alichokipenda mama yule. Aliiweka kwenye ukingo, akarudi nyuma, akaanza kuita kwa mlio wa kunguru. "Kaa! Kaa! Kaa!" Sauti yake nyembamba, ya mtu ambaye hakula tangu jana.

Kunguru walikuwepo. Walikuwa wamejipanga kwenye paa la tatu, weusi na kola zao za kijivu, wanaiona sahani vizuri sana. Hakuna aliyethubutu. Jike alikuwa juu ya mnara analia ule mluzi wake mrefu unaotetemeka mwishoni, na kinda lipo ukingoni mwa kiota linapiga mabawa, linapiga, linaacha. Na mimi niko nyuma ya tangi na kamera, kwa sababu nilijua kwamba ni leo au kesho.

Jua likapanda. Zege likaanza kuchoma kupitia ndala. Mzee aliita, akapumzika, akaita. Adhana ya adhuhuri ikalia kutoka misikiti yote kwa pamoja na bado alikuwa amesimama. Nikaona mkono wake unatetemeka, kisha kidevu. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wote wa shati, jasho lile baya la watu wa sukari.

"Mzee, kunywa maji."

"Hajala bado."

"Utakufa hapa juu."

"Hajala bado, mama."

"Yeye angekuambia kunywa!"

"Yeye ana njaa," akasema, na machozi yakamtoka, meupe kwenye macho meupe. Nikamkalisha kwenye kopo lake, nikamfunika kichwa na kanga yangu. Nikawatukana kunguru kwa Kiswahili na Kichaga. Nikamtukana mwewe pia.

Kisha nikafikiri jinsi mtu wa duka anavyofikiri. Ukitaka wateja waache kumsumbua mtu wa ndani, weka bidhaa ya bure mlangoni. Kunguru wanaitaka sahani, sahani iko wazi, kinachowazuia ni jike tu. Nikimvuta jike upande wa mtaani kwa muda mfupi, watatua, watakula, wataridhika, watarudi zao. Kinda hawatalihangaikia, la nini, na wali wa bure upo hapa? Hakuna atakayeumia na mzee atakunywa maji. Niliona ni jambo la wazi kabisa.

Nikashuka mbio mpaka buchani mtaani, nikanunua maini, nikapanda ngazi zote nikiwa nahema. Nilipita mbali na sahani, nikiwa nimeficha mfuko nyuma ya gauni, mzee asisikie harufu, maana nyama kwake ni mwiko. Nikaenda pembe ya pili ya paa, upande wa mtaa, nikarusha kipande cha kwanza juu kadiri mkono ulivyoweza.

Jike alikuja kama jiwe. Alikidaka hewani mbele ya uso wangu. Nikarusha kingine, dume naye akatokea. Wakaanza kuzunguka juu ya kichwa changu, wananipigia mbawa, na kipande kilichofuata jike hakungoja kirushwe. Alikitoa kidoleni pamoja na ngozi. Damu yangu na damu ya maini zikawa kitu kimoja mpaka kiwiko. Niliuma meno nikaendelea kurusha, najisemea kuleni, kuleni washenzi ninyi, mpeni yule mama nafasi.

Nyuma yangu nikasikia kunguru wanakuja, wote kwa pamoja. Nikafurahi. Kweli, nilifurahi, mpaka nilipogeuka.

Hawakuwa kwenye sahani. Sahani ilikuwa peke yake na nzi. Walikuwa kwenye mnara, kiota kimegeuka cheusi, na katikati ya weusi huo kulikuwa na bawa moja la kahawia linapanda na kushuka. Nilidondosha mfuko nikakimbilia ukingoni. Nilipiga tangi la maji kwa bomba nililolikuta hapo, bomba lile lile la msimamizi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. Kichochoro kilikuwa kati yetu, upana wa gari tu, na sikuweza kufanya chochote. Lilijirusha, kinda lile. Liliachia miguu. Mabawa yalifunguka sawasawa, jinsi nilivyokuwa nimeota, na likaruka, kwa pumzi moja hivi liliruka, kisha wakalibeba hewani, mmoja kila bawa, mmoja shingoni, likateremka nao hadi kwenye bati la chini. Wakalichanachana hapo. Walianzia machoni.

Jike alirudi. Aliwapiga, akaua mmoja, nilimwona ameanguka kichochoroni na mgongo wazi. Alikuwa amechelewa.

Mmoja wa waliotimuliwa akatua kwenye ukingo wetu. Alitembea mpaka kwenye sahani, akanitazama kwa jicho la upande, akatumbukiza mdomo kwenye wali. Mdomo wake ulikuwa umelowa. Maziwa yakaingia wekundu pale alipodonoa, wekundu ukasambaa taratibu kuzunguka puri. Akadonoa tena, akanyanyua kichwa, akameza. Mikono yangu, bila mimi kuiambia, ilikuwa imeshanyanyua kamera.

Mzee alisikia kucha za ndege zinakwaruza chuma. Alinyanyuka kutoka kwenye kopo, kanga yangu kichwani, uso umeelekea sahani asiyoiona.

"Amekula?"

Nilishusha kamera. Akauliza tena, na midomo imemkauka mpaka imepasuka.

"Amekula, mzee."

"Vizuri? Amekula vizuri?"

"Anakula sasa hivi. Amerudia mara ya pili."

Akakunja mikono yake kifuani na kuinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka kunguru akaruka. Nikachukua sahani kabla hajaifikia, nikamwaga kilichobaki kwenye mtaro wa paa na kuisuuza kwa maji ya tangi. Nikampa maji. Akanywa kikombe kizima bila kupumua, mkono wake juu ya mkono wangu, akahisi unyevu.

"Umelowa."

"Ni maji, mzee."

"Nimekusikia ukiwaita," akasema. "Umeita kwa nguvu, mama. Mimi sauti yangu haikufika. Wewe ndiye uliyewaleta. Asante sana."

Nikasema si kitu.

"Na mtoto wa jambazi lako? Nilisikia mabawa."

Jike alikuwa anazunguka juu ya mnara, chini kidogo kuliko kawaida, analia ule mluzi wake mrefu.

"Ameruka," nikamwambia. "Ameruka leo leo."

Mzee alicheka kwa sauti, akapiga makofi. Akasema ni baraka mbili kwa siku moja. Akaniomba picha ya kunguru akila, aiweke karibu na picha ya mke wake, pale anapomvika maua. Niliichapisha wiki iliyofuata mtaa wa nyuma. Nilimwambia kijana wa studio aitoe kwa rangi nyeusi na nyeupe. Akaniambia rangi zake ni nzuri hizi, dada, mbona unaziharibu. Nikamwambia afanye ninavyosema, nikamfokea mpaka wateja wengine wakageuka.

Mzee hawezi kuiona, lakini kila siku anapitisha vidole juu ya kioo cha fremu yake. Kidole changu kimebaki na kovu refu, na jike bado analia asubuhi. Juzi tulikuwa paani, mzee akanyanyua uso kuelekea sauti ile, anatabasamu.

"Ndiye yule mtoto?"

"Ndiye," nikasema. "Amekua."